Hendibreki ya umeme: kisa cha gari lililogoma kushuka kilimani

Gari ni sedani ya Kijerumani ya mwaka 2012, otomatiki, iliyoingia nchini ikiwa imeshatumika Japani. Chapa hatuitaji, kwa sababu yaliyolipata yangeweza kulipata gari lolote lenye mota za breki kwenye kalipa za nyuma (kalipa ni kile kishikio kinachobana pedi kwenye diski), na magari hayo leo yamejaa barabarani. Lilikuwa limeegeshwa Mwanza, kwenye ua wa nyumba iliyokaa juu ya mawe kama nyumba nyingi za mji ule, na njia ya kutokea ni mteremko wa changarawe. Mwenye gari alisafiri wiki tatu. Aliporudi, rimoti haikufungua mlango. Akafungua kwa ufunguo wa chuma, dashibodi haikuwaka hata taa moja. Hendibreki imekaza, gia iko P.

Fundi wa mtaani akaja na betri na nyaya, akabusti. Injini ikawaka. Mguu ukawekwa kwenye breki, swichi yenye herufi P ikabonyezwa. Nyuma kushoto ikasikika mota ikilia kwa sekunde moja hivi, kisha ikanyamaza, kama inavyotakiwa. Nyuma kulia ikaguna mara moja tu, kama mtu aliyekatizwa maneno. Taa nyekundu ya breki ikaanza kumetameta na ya njano ikawaka pembeni yake. Swichi ikabonyezwa tena na tena, mara kumi na zaidi, hadi hata upande wa kushoto ukaacha kuitika. Dereva akatia R na kukanyaga mafuta. Magurudumu ya mbele yakachimba changarawe, la nyuma kulia likaburuzwa bila kuzunguka. Baada ya nusu mita waliacha, na hapo walifanya vizuri.

Watu waliokusanyika uani walishatoa hukumu: haya ndiyo mambo ya magari ya kompyuta, lingekuwa na mkono wa kuvuta lingekuwa limeshashuka. Hukumu hiyo ina ukweli nusu, na kisa hiki kinaonyesha nusu ipi.

Kilichomo ndani ya kalipa

Breki hizi si ngeni. BMW 7 Series ya 2001 ilikuwa nazo, Renault Scénic ikafuata 2003, VW Passat 2005, Subaru Legacy 2009, na Toyota Harrier ya 2013 ikazifanya jambo la kawaida hata kwa mnunuzi wa kwetu asiyetaka kitu cha Ulaya. Ziko za koo mbili. Ukoo wa kwanza, kama wa Subaru Legacy ile, una mota moja chini ya gari inayovuta waya mbili za breki, kila waya ukienda kwenye viatu vilivyomo ndani ya diski ya nyuma. Huu ni mkono wa zamani uliopewa mota badala ya dereva. Ukoo wa pili, ambao ndio uliopo kwenye gari letu, hauna waya wa kuvuta hata mmoja. Kila kalipa ya nyuma imebeba mota yake ndogo ya volti 12.

Mota hiyo inazungusha gia za kupunguza mwendo, gia zinazungusha skrubu iliyoko katikati ya kalipa, na juu ya skrubu kuna nati iliyokaa ndani ya tumbo la pistoni. Skrubu ikizunguka, nati inasogea mbele, inaisukuma pistoni, pistoni inazibana pedi. Kwenye Passat ya 2005 mota inazunguka karibu mara 150 ili skrubu izunguke mara moja. Ndiyo maana kimota kinachotosha kiganjani kinaweza kubana diski kiasi cha kuzuia tani moja na nusu ya gari. Kompyuta ya breki haina kipimo cha nguvu kwenye pedi. Inachofanya ni kuangalia umeme unaoliwa: pedi zikishabana, mota inalemewa, ampea zinapanda, na zikifika kiwango kilichopangwa, mara nyingi kati ya 15 na 20 kwa kila upande, umeme unakatwa. Kulegeza ni kugeuza chanya na hasi tu, kwani plagi ina nyaya mbili.

Jambo la kushika hapa ni meno ya ile skrubu. Yamelala kwa pembe ndogo kiasi kwamba pistoni ikiisukuma nati kwa nyuma, skrubu haizunguki wala nati hairudi. Kwa hiyo breki ikishakaza inabaki imekaza bila kula hata tone la umeme. Betri ikifa usiku, gari halitaserereka. Jambo hilohilo ndilo linalofanya betri iliyokufa iwe kufuli.

Betri iliishaje

Gari likiwa limelala na kila kitu kimezimwa lilipimwa likila miliampea 30, kiwango cha kawaida. Lakini lilikuwa limefungiwa kifaa cha kufuatilia gari, na hicho peke yake kilikula 50. Jumla 80. Wiki tatu ni saa 504, kwa hiyo zimeondoka takriban ampea-saa 40 kwenye betri iliyoandikwa 70 na iliyokuwa na miaka minne. Multimita ilisoma volti 7.9. Betri iliyojaa husoma 12.6 injini ikiwa imezimwa, ikifika 12.2 imeshabaki nusu.

Kosa la kwanza la siku ile lilikuwa haraka. Injini ilipowaka, swichi ilibonyezwa papo hapo, betri ikiwa bado inanyonya kila kitu alternata, jenereta ya injini, inachotoa. Mota mbili zikianza kwa pamoja zinaweza kutaka ampea 40 kwa mpigo, na kompyuta ikiona volti zimeshuka inakataa kazi au inaiacha njiani. Ukibusti gari la namna hii, liache lingurume dakika 10 hadi 15, hakikisha multimita inasoma juu ya 13.5 kwenye betri, ndipo uguse swichi. Na usiibonyeze kama kengele ya mlango. Kompyuta inahesabu mizunguko na kuizuia mota isiungue. Ikiona imezidi, inafunga kazi kwa dakika kadhaa. Ndiyo sababu hata upande wa kushoto, usio na ubovu, ulinyamaza.

Baada ya kusubiri na kubonyeza mara moja tu, kushoto kuliitika vizuri. Kulia kuliguna tena, palepale. Hapo betri iliondoka kwenye orodha ya washitakiwa.

Vipimo vitatu vilivyotoa jibu

Kabla ya mtu kuingia chini ya gari, kabari za mbao ziliwekwa kwenye magurudumu ya mbele, mbili upande wa mteremko kwa kila gurudumu. Kwenye mwamba jiwe la duara halitoshi. Na hapa pana hatari ambayo mafundi wengi hawaifikirii: ukifungua mota ya kalipa na kulegeza skrubu kwa mkono, umeondoa breki. Gari lililokuwa halitaki kusogea litasogea, nawe uko chini yake.

Kipimo cha kwanza kilikuwa volti kwenye plagi ya mota ya kulia. Plagi inachomolewa, ncha mbili za multimita zinaingizwa, mtu wa ndani anabonyeza swichi. Ilisoma 12.9 kwa muda mfupi, kisha sifuri. Maana yake fyuzi nzima, nyaya nzima, swichi nzima, kompyuta inatoa amri na umeme unafika. Ingekuwa sifuri tangu mwanzo, kazi ingehamia kwenye fyuzi (nyingi ni za ampea 30, moja kila upande), kisha kwenye nyaya zinazopinda karibu na gurudumu, ambako hukatikia ndani ya plastiki bila kuonekana.

Kipimo cha pili ni ampea. Plagi ilirudishwa na mita ya kubana waya ikawekwa kwenye waya mmoja. Upande wa kushoto, wakati wa kulegeza, ulipanda kwa kitambo kidogo na kutulia kwenye ampea 4. Wa kulia ulirukia 24 na kukatwa. Ungesoma sifuri huku volti zikifika, ningesema mota imekufa: brashi zimeisha au koili imekatika. Ampea 24 bila kuzunguka ni mota hai inayosukuma ukuta.

Cha tatu ni macho na tochi. Mpira wa vumbi unaozunguka pistoni ya kulia ulikuwa umejikunja kama shuka iliyokamuliwa, na umechanika robo ya mzunguko wake. Mpira haujikunji hivyo kwa uzee.

Pedi zilizobadilishwa miezi miwili nyuma

Maelezo yalipatikana kwa kuuliza swali moja: mara ya mwisho nani aligusa breki za nyuma? Pedi zilikuwa zimebadilishwa miezi miwili kabla, kwenye gereji isiyo na mashine ya kupimia, ile inayochomekwa kwenye kompyuta ya gari, kwa dakika arobaini. Vilivyobaki vinasomeka kwenye chuma.

Kalipa nyingi za nyuma za magari yenye mkono wa kuvuta zina pistoni inayorudi ndani kwa kuzungushwa, na kila fundi wa breki anacho kile kifaa cha kuizungushia. Kalipa yenye mota inafanana nayo kwa nje. Lakini pistoni yake haizungushwi. Inasukumwa moja kwa moja, na hata hivyo ni baada tu ya nati kurudishwa nyuma kabisa kwa amri ya mashine. Ukiizungusha, unachozungusha ni mpira wa vumbi, na ndivyo ulivyochanika. Fundi alipoona pistoni hairudi, alichukua klampu na kuisukuma. Alama za klampu zilikuwepo kwenye mdomo wa pistoni.

Sasa fikiria kilichomo ndani. Hendibreki ikilegezwa kawaida, nati hairudi mwisho. Inaachana na pistoni kwa kiasi kidogo tu ili safari ijayo isiwe ndefu. Pedi zikiisha, nati inazidi kusogea mbele kumfuata pistoni. Kwa hiyo pedi zilizokwisha zina maana kwamba nati imekaa mbele sana, ndani ya tumbo la pistoni. Klampu ikisukuma, pistoni inagonga nati, nati haiwezi kurudi kwa sababu ya yale meno, na nguvu yote inashukia kwenye meno, kwenye beringi ya skrubu na kwenye sili inayozuia mafuta ya breki. Kitu lazima kishindwe. Mara nyingine sili inaanza kuvuja na mteja anarudi kesho yake. Hapa hakuna kilichovuja. Meno mawili ya nati yaliumia, pistoni ikaingia kwa shida kiasi cha kupitisha pedi mpya, gari likatoka gereji likifunga breki vizuri kabisa. Halafu mvua na mashine ya presha ya kuoshea magari vikafanya kazi yao kupitia mpira uliochanika.

Mota ilifunguliwa: skrubu mbili za nyota za T30, moja ikiwa imejaa udongo uliokauka hadi ikabidi isafishwe kwa sindano kabla biti haijaingia sawasawa. Usilazimishe biti kwenye tundu chafu, maana kichwa kikishaliwa ni kutoboa. Mota ikishatoka, ncha ya skrubu ya kalipa inaonekana. Ilizungushwa kwa spana ya mkono, robo mzunguko kwa shida, ikakwama, ikarudishwa nyuma kidogo, ikazungushwa tena, na kwenye mzunguko wa kama robo tatu ikaachia kwa mlio. Gari likasogea sentimita mbili na kuegemea kabari. Upande wa kuzungushia hutofautiana. Ukiona unazidi kuwa mgumu na diski inabanwa zaidi, unakaza.

Kwa kuwa swali hili huulizwa kila mara: je, haingewezekana kuipa mota umeme wa betri moja kwa moja? Inawezekana, na wengi hufanya. Tatizo ni kwamba umemwondoa kompyuta, ambaye ndiye aliyekuwa akikata ampea. Mota ikifika mwisho wa safari haina wa kuizuia. Inaendelea kusukuma hadi gia za plastiki zinyoke meno au nati ijikaze kinyume upande wa nyuma. Ukibanwa huna njia, gusa kwa nusu sekunde, acha, sikiliza, gusa tena. Kwenye kalipa hii isingesaidia, ilishashinda ampea 24.

Pedi za kulia zilipotolewa, ya ndani ilikuwa imebaki milimita 3 na ya nje 8. Miezi miwili! Kumbe breki ya kulia ilikuwa haiachii vizuri tangu siku ya kwanza, na mwenye gari alishalalamika kuhusu ulaji wa mafuta bila kuunganisha mambo.

Matengenezo

Nati na skrubu haziuzwi peke yake kwa kalipa hii, hivyo upande wa kulia ulipewa kalipa nzima. Mota ilikuwa bado nzima. Ilikaushwa, mpira wake wa duara ukabadilishwa, ikahamishiwa kwenye kalipa mpya. Mpira huo mdogo wa kati ya mota na kalipa ndio mlango wa pili wa maji, na kuurudisha ule wa zamani uliobapa ni kujitafutia safari nyingine.

Mpangilio wa kazi ya pedi kwenye gari la namna hii ni huu, na haupishani. Kwanza chaja ya betri inaunganishwa, maana betri ikishuka katikati ya kazi unabaki na nati nusu safari. Switi ya ufunguo imewashwa, mashine ya kupimia inaingizwa, unachagua hali ya sevisi ya breki ya kuegesha. Mota zinalia kwa muda mrefu kuliko kawaida, hadi nati zifike nyuma kabisa. Chapa kadhaa za Kijapani zinaruhusu hali hiyo bila mashine, kwa mpangilio wa kubonyeza swichi na kukanyaga pedali, lakini mpangilio ni wa modeli na modeli: fuata kitabu cha gari lenyewe, si video ya gari linalofanana nalo. Toka hapo usiguse swichi ya hendibreki na usikanyage breki kalipa ikiwa nje. Fungua kifuniko cha chombo cha mafuta ya breki, sukuma pistoni polepole bila kuzungusha. Inapaswa kurudi kwa nguvu ya klampu ya kawaida inayogeuzwa kwa vidole. Ikigoma, simama. Kugoma kwake ni habari, si changamoto.

Pini za kalipa zilisafishwa na kupakwa grisi ya silikoni, siyo grisi ya beringi inayovimbisha mpira. Diski zilipimwa: kulia milimita 10.6, kushoto 11.3, mpya ikiwa 12 na mwisho wake 10. Pedi zilibadilishwa pande zote mbili hata kama za kushoto zilikuwa na maisha, maana huwezi kuweka mpya upande mmoja wa ekseli. Skrubu za mota zilikazwa kwa mkono wa kiasi, Nm 12 kwa kalipa hii; mwili wa mota ni plastiki. Hewa ikatolewa kwa mafuta ya DOT 4.

Kisha pedali inakanyagwa mpaka iwe ngumu, na hapo tu ndipo hali ya sevisi inafungwa kwenye mashine. Anayefunga kabla ya kukanyaga anaiacha nati itafute pistoni iliyo mbali, na kompyuta inaandika kosa. Breki inakazwa na kulegezwa mara tatu hadi tano ili kompyuta ijifunze unene mpya. Kosa la volti ndogo lililokuwa kwenye kumbukumbu lilifutwa mwisho, si mwanzo.

Jaribio lilifanywa kwenye mteremko uleule, gia ikiwa N, kabari sentimita kumi nyuma ya tairi. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 13-H, inayofuatwa Ulaya na Japani, inataka breki ya kuegesha ishike gari lenye mzigo wake kamili kwenye mwinuko wa asilimia 20, yaani kupanda mita 20 kwa kila 100. Ua ule haukuwa mkali kiasi hicho. Gari halikusogea.

Mkono ungefanyaje?

Turudi kwa watu wa uani. Kwa betri iliyokufa, wana haki kabisa. Mkono unashushwa, gia inatolewa P kwa kile kitundu kilichofichwa pembeni ya lever, na gari linasukumwa na vijana wanne. Gari la mota halina anasa hiyo, na likigoma barabarani haliwezi kufungwa kamba likavutwa. Linahitaji brekidauni la kitanda, na hata kulipandisha ni kuburuza tairi mbili zilizofungwa au kuziwekea vigari chini. Baadhi ya mifumo ya kuvuta waya ina njia ya dharura ya kulegeza kwa mkono, iliyofichwa kwenye buti au chini ya gari. Ya kalipa kwa kawaida haina, isipokuwa hiyo ya kufungua mota.

Kwa pedi zilizobadilishwa vibaya, pia wana haki, ila lawama si ya umeme. Kazi ambayo ilikuwa ya spana na kifaa cha kuzungushia imekuwa kazi ya mashine, na kijiji kisicho na mashine kitaendelea kuvunja nati. Hii ndiyo hasara kubwa ya mfumo huu kwa nchi zetu, kubwa kuliko ubovu wa sehemu zenyewe. Si kwamba sehemu haziharibiki: Aprili 2017 Tesla iliita magari yapatayo 53,000 ya Model S na Model X kwa sababu gia ndogo ndani ya kalipa ya hendibreki, iliyotengenezwa na msambazaji wa nje, ingeweza kuvunjika na kuiacha breki imekaza. Lakini magari mengi yanayoletwa gereji kwa taa ya njano yana betri iliyochoka au mkono wa fundi nyuma yake.

Upande ambao watu wa uani hawausemi ni huu. Hesabu magari ya mkono yenye miaka kumi yaliyoegeshwa pwani, Tanga au Mombasa, halafu hesabu ambayo mkono wake bado unashika. Waya zimeganda kwa kutu ya chumvi, madereva wameshauacha, gari linategemea P peke yake, yaani kijino kimoja cha chuma ndani ya giaboksi. Mkono pia unashika kadiri ulivyovutwa: mzee mwenye maumivu ya kiganja anauvuta meno matatu, kijana meno saba. Mota inavuta kiasi kilekile asubuhi na jioni, kwa kila dereva.

Kuna na lile la diski ya moto, ambalo halisemwi sana. Umeshuka mteremko mrefu, Sekenke kwa mfano, diski zinaunguza, unasimama na kuvuta mkono. Chuma kikipoa kinasinyaa, mbano unapungua, na dakika kadhaa baadaye gari lililokuwa limetulia linaanza kutembea lenyewe bila mtu. Mifumo mingi ya mota inajua hilo: dakika chache baada ya kuzimwa injini inaamka na kukaza tena. Ukisikia gari lako likiguna peke yake kwenye maegesho, si jini.

Breki ya mguu ikifeli barabarani, swichi ikivutwa na kushikiliwa inaamuru mfumo wa ESP, unaozuia gari lisiteleze, ufunge magurudumu yote manne kwa mafuta ya breki, ukilinda yasijifunge. Mkono unafunga ya nyuma tu na dereva aliyepaniki huyafunga kabisa, gari likageuka. Hapa mota imeshinda bila ubishi, ila ni kwa anayejua kwamba swichi inashikiliwa, haibonyezwi mara moja na kuachwa. Kati ya tuliowauliza, wachache tu walijua.

Ile starehe ya kusimama kwenye foleni bila kukanyaga breki ni nzuri Dar es Salaam saa kumi na moja jioni, na haina haja ya maelezo marefu. Angalizo moja: gari likishikiliwa hivyo linashikiliwa kwa mafuta ya breki, siyo kwa mota, hadi dakika kadhaa zipite au ufungue mkanda au mlango. Usishuke ukiliamini.

Maagizo aliyopewa mwenye gari

Kifaa cha kufuatilia kilihamishiwa kwenye umeme unaozimika na ufunguo, kikibaki na betri yake ndogo ya ndani. Betri kubwa ilibadilishwa, maana iliyozamishwa hadi 7.9 haiaminiki tena kwa mota hizi. Akisafiri zaidi ya wiki, gari lisiachwe kwenye mteremko. Liwekwe kwenye tambarare, P, kabari mbele na nyuma, hendibreki ikiwa imelegezwa ili pedi zisigandane na diski, na hasi ya betri ichomolewe. Gari hili hukaza breki lenyewe likizimwa, kwa hiyo aliwekewa mpangilio wa kuzuia hilo kwenye menyu. Na anayeosha gari asielekeze presha ndani ya rimu za nyuma.

Kilichobaki ni upande wa kushoto. Kalipa ile ilisukumwa na klampu ileile siku ileile. Mpira wake haukuchanika, ampea zilipanda hadi 17 wakati wa kukaza na kukatwa kwa wakati, pedi zake mbili ziliisha sawa. Iliachwa mahali pake, ikaandikwa ipimwe ampea tena kwenye sevisi ya kilomita 5,000. Ilipopimwa ilisoma 17. Kwenye ile ya 10,000 ilisoma 21, na kalipa ya pili ikaagizwa.